Simu Yako Haiko kwa Fundi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekukosea. Nimeona nilitangulize hilo kabla hata ya kukujulia hali, usije ukaifungua barua kwa furaha halafu ukajuta. Nimekukosea wewe, na nimemkosea mdogo wangu, huyo Chiriku wako. Sasa nakuuliza: hujambo? Nyonga inasemaje? Mkwe wako anakukanda jioni kama nilivyomwagiza, au mnakaa tu mnapiga soga? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Barua hii usimpe mtu akusomee. Vaa miwani yako, kaa pale mlangoni unapopapenda, soma mwenyewe taratibu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeacha shule mapema akashika mwiko wa saruji. Na utaona nimekandamiza kalamu, kwa sababu nina hasira. Nina hasira na watu wengi humu, na wewe umo, unisamehe mama. Nikisema wewe humo, nitakuwa nimeongeza uongo mwingine juu ya ule ninaokuja kuutua.

Nianze na Chiriku. Unakumbuka alivyotukalisha baada ya chakula akasema anasafiri nje ya nchi, peke yake. Nikamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema haendi kwa mtu. Nikamuuliza ameitwa kazi, akasema hapana. Kuna mchumba? Akacheka. Matibabu? Akasema labda, kaka, nyayo zinaniwasha. Wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikuona cha kucheka. Mwanamke mzima, mvi zimeshachungulia, ameketi kwenye kidirisha cha kituo cha mabasi tangu ujana akiwakatia wenzake tiketi, leo anasema amechoka kuandika majina ya miji asiyoijua, anataka akaione. Aione ili iweje? Nikamwomba anipe basi ratiba yake. Akasema ratiba yake ni gari la kwanza litakalokuwa na kiti cha dirishani.

Mama, mimi ni fundi vigae, na unajua ninavyofanya kazi. Simwagi saruji kabla sijavipanga vigae vyote vikavu chumba kizima, naanzia katikati, uzi umevutwa, ili vile vya kukatwa viangukie nyuma ya mlango ambako hakuna anayetazama. Ndivyo nilivyowapanga ninyi nyote tangu baba alipoondoka. Wewe hapa, wanangu pale, uji wako kwa saa yake, dawa kwa saa yake. Na Chiriku nilimpanga akae kwako akutunze. Sikumuuliza. Kigae hakiulizwi.

Basi akakuleta kwangu na mfuko wako wa nguo na hiyo simu yenye mlio wa jogoo, akaenda zake. Na kuanzia hapo nyumba yangu ikawa si yangu. Kila alasiri jogoo anawika, wewe unabonyeza chekundu badala ya kijani kama kawaida yako, simu inakatika, anapiga tena, unabonyeza tena chekundu, mpaka mkwe wako anakuja kukubonyezea. Halafu mnaiweka sauti ya juu, majirani wanavuta vigoda. Leo kapanda lori la vitunguu. Leo kavuka daraja la kamba linalochezacheza, simu yake ikamponyoka ikaenda na mto, sasa anaazima za watu na namba pekee aliyo nayo kichwani ni yako. Mnacheka mpaka machozi. Mimi narudi kazini magoti yamekufa ganzi, nabisha hodi kwangu mwenyewe, naambiwa shii, nyamaza kwanza, Chiriku yuko hewani.

Niambiwe shii. Ndani ya nyumba niliyoiwekea sakafu kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nilipokuambia kioo cha simu yako kimepata ufa, nikupelekee kwa fundi. Na juma lile lile nikakuambia nimepata kazi ng'ambo ya mpaka, sakafu ya hoteli. Mama, simu yako haiko kwa fundi. Imo mfukoni mwangu tangu siku ile, haina ufa, haina lolote. Na sakafu ya hoteli haipo. Alasiri ile Chiriku alipopiga nilipokea mimi, nikamdanganya kwamba umelala, nikamuuliza yuko mji gani. Akanitajia bila wasiwasi, na nyumba aliyofikia. Akasema kaka, na wewe ungekuja. Nikasema mawazoni, nakuja, na utarudi ukiwa mbele yangu kama mbuzi.

Safari yangu niliipanga kama vigae vikavu. Basi hili mpaka mpakani, basi lile mpaka mjini, hoteli nimeshaulizia jina, nimeliandika kwenye karatasi, karatasi nimeitia kwenye soli ya kiatu. Kwenye begi nilitia pima maji ya kusawazishia sakafu. Ndiyo, mama, pima maji, usicheke, mimi bila pima maji najiona uchi.

Basi la kwanza likafa njiani. Tukafika mpakani la pili limeshaondoka. Nikapanda lolote lililokuwepo, na katika kusukumana begi langu likapandishwa gari jingine, likaenda kusikojulikana na nguo zangu na pima maji yangu. Nilipofika mjini nikaitafuta hoteli, nikakuta ni duka la misumari na mabati. Nikamwonyesha muuzaji karatasi yangu. Akaisoma, akaigeuza nyuma kama anatafuta kilichobaki, akasema hoteli ilihama zamani, kaka, labda nikulaze ndani ya ndoo. Wateja wakacheka. Nilimfokea yule mtu, mama, mpaka mate yakamrukia, kama vile yeye ndiye aliyeibeba hoteli. Na yeye wala hakukasirika. Akaniuliza kama nimekula.

Hilo nalo lilinikera. Nilikuwa natafuta wa kugombana naye sikumpata. Huku wanaongea Kiswahili kama chetu ila wanakivuta mwishoni, ukitukana wanadhani unasalimia.

Nikaiulizia nyumba ya wageni aliyonitajia Chiriku. Kila mtu aliijua. Ni nyumba ya mama mmoja wa makamo, wote wanamwita Shangazi, anacheka kama bata. Ina ua wa wazi katikati, na sakafu ya ule ua, mama, ilinitia kichefuchefu. Imetengenezwa kwa vigae vilivyovunjika, vya kila rangi, vimetupwatupwa tu kwenye saruji kama mtu aliyemwaga taka akazikanyaga. Hakuna mstari hata mmoja. Na nusu yake imefumuka. Nikasimama pale shati moja mwilini, nikasema namtaka mdogo wangu.

Shangazi akaniambia Chiriku ameondoka asubuhi ile ile. Alikuwa hana mpango wa kuondoka, ila lori la vitunguu limepita, dereva kasema huko aendako kuna maji ya moto yanatoka ardhini, akadandia. Nikauliza atarudi lini. Akasema nani ajuaye, ndege yule.

Kwenye kibaraza walikuwepo wazee wawili wanacheza drafti. Mmoja ni fundi wa malori, wanamwita Gia. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema. Akaniuliza na dada yangu ana umri gani, nikasema. Akaweka kete chini, akasema yaani bwana mkubwa umevuka mpaka kumfukuzia mwanamke wa umri huo kama mbuzi aliyekata kamba? Amekuibia? Mwenzake akasema labda amemwachia vyombo bila kuosha. Shangazi akacheka kile kicheko chake cha bata. Mpaka mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akajifunika uso kwa shuka lenye maji akicheka.

Nilitafuta neno la kuwafunga midomo. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, nimeaibika, na ukweli ulikuwa ni kwamba Gia amesema sawasawa, lile lile neno la mbuzi nililolisema mimi mawazoni. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema nimekuja kumchukua kwa sababu mama yetu amefariki.

Nilisema umekufa, mama.

Mimi ambaye sinunui shati bila kulala na wazo lake, neno lile sikulipanga. Ndilo jambo la kwanza maishani mwangu nililolifanya papo kwa papo, na tazama nilichokichagua.

Gia aliifunika drafti. Redio ikazimwa. Mwanamke wa nguo akaja na macho yamebadilika, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili ya maji. Wakatandika mkeka kwenye ule ua, wakanikalisha, na kabla sijapata pumzi Gia alikuwa ameshampigia dereva wa lori ili Chiriku aambiwe. Nikainua mkono nimzuie. Wakadhani naomba maji, wakaniletea maji.

Watu wakaja, mama. Watu nisiowajua mimi, na wewe hawajakuona hata kivuli. Yule muuzaji wa misumari alifunga duka akaja. Niliyemtemea mate asubuhi alikaa mbele yangu akasema pole sana kaka, sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa vile. Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa ile ya vigae vibovu.

Na walikuwa wanakujua. Hicho ndicho kilichonimaliza. Chiriku alikuwa amewasimulia habari zako kila jioni. Wakawa wanakukumbuka kwa zamu, huyu anasema yule mama ndiye anayejua jirani kaamkaje kwa kusikiliza anavyofagia, mwingine anasema ndiye aliyemtilia mjomba chumvi kwenye chai. Mambo mengine mimi mwanao wa kwanza nilikuwa nayasikia hapo. Wageni wananisimulia mama yangu, mimi naitikia kwa kichwa kama mfiwa anayejua.

Halafu Shangazi akasimulia la basi.

Akasema yule mama naye ujanani alishona mfuko, akapanda basi peke yake kwenda kuona tu mahali barabara inapoishia. Kaka yake akamkuta kituoni. Hakumshika yeye. Aliuchukua mfuko kupitia dirishani, akaushusha, akaondoka nao, na yeye akashuka kuufuata mfuko wake, na basi likaenda. Na kwamba Chiriku alipokuwa anafunga safari, wewe ndiye uliyemwambia aende, wewe ndiye uliyemtilia nguo, ukamwambia mtu akikushikia mfuko, mwachie mfuko, wewe endelea na safari.

Mama, kwa nini mimi hukuniambia? Hapa ndipo nina hasira na wewe. Miaka yote nakaa nawe meza moja. Kumbe safari ni yako, mimi namtukana Chiriku kila siku mbele yako na wewe umenyamaza unakunywa uji. Ungeniambia mwanangu, nilitaka kwenda mimi nikashushwa, ningeelewa. Halafu nilipotafakari vizuri pale mkekani nikajiuliza, ungeniambia saa ngapi? Mimi nikikujia nina maneno mawili: umekunywa dawa? Umekula? Ukijibu ndiyo, nimeshaondoka. Mtu hapewi hadithi kwa maswali ya namna hiyo.

Dereva alijibu kwamba Chiriku ameambiwa, na kwamba wameshafika mbali, mpaka washushe mzigo na kugeuza, ni kesho kutwa. Basi nikawa na siku za kukaa mfiwa. Nilishindwa. Asubuhi niliposikia wanakuja tena na chai na pole zao, nikatoka kwa mlango wa uani. Nikaliona basi limesimama, nikapanda. Sikuuliza linakwenda wapi. Nilitaka tu liwe linatoka pale.

Konda akaniuliza nashukia wapi. Nikamjibu kwa hasira, popote. Akawatangazia abiria kwamba huyu mzee anashukia Popote, mkipaona mumwambie. Wakaanza. Kila kituo wananiuliza, mzee, hapa ni Popote? Bibi mmoja mwenye kikapu cha mayai akasema mwacheni, Popote ni mbele kidogo, mimi nilishafika. Nikajikuta nimecheka, mama. Kidogo tu, kwa pua.

Wakanishushia mtoni. Na pale mtoni palikuwa na lile daraja la kamba. La Chiriku. Nikalitambua kwa alivyolisimulia, hata mbao tatu zilizokatika katikati. Mimi sina shughuli ng'ambo ya mto. Sijawahi kuvuka kitu ambacho upande wa pili sina kazi. Nikavuka. Linacheza, maji yanakimbia chini ya miguu. Nikafika ng'ambo, hakuna kitu, majani tu na mtu anafua. Nikarudi. Nikavuka tena. Mara ya nne nikasimama katikati nikalitikisa mwenyewe kwa makusudi, mtu mwenye wajukuu njiani, nikacheka kwa sauti mpaka yule anayefua akainua kichwa kuona kama kuna usalama.

Ndipo nikakumbuka kwamba saa ile ile mdogo wangu yuko juu ya lori analia msiba nilioutunga mimi.

Mama, sijawahi kujichukia vile. Kumbe ndicho alichokuwa anakutumia kila alasiri, kicheko hiki. Nilikifunga mfukoni mwangu wewe usikisikie, nikamfuata yeye nimpokonye, na mimi ndiye nimekila. Nilirudi mjini kwa miguu nusu ya njia kwa hasira, nikaona nisipofanya kitu cha mikono nitampiga mtu. Nikamwambia Shangazi anipe saruji niizibe ile sakafu yake. Akasema mfiwa hafanyi kazi. Nikamwambia huyu anafanya.

Ile kazi ilinidhalilisha. Sina uzi, sina pima maji, vipande kila kimoja na sura yake. Nikajaribu kuvipanga vikavu, havipangiki, kona ya hiki inachoma mbavu za kile. Nikatupa mwiko, nikatukana, nikauokota. Mwisho nikaacha kupanga, nikawa nashika kinachokuja mkononi, nakizungusha mpaka kinakaa, nakigonga, nashika kingine. Ikaenda. Sisemi ni nzuri. Inapitika.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Kuna jambo nimeliruka huko juu, nilipokueleza ule mkeka. Mkono ulikataa kuliandika, sasa naulazimisha.

Siku ile ya kwanza, nimekaa katikati ya waombolezaji, jogoo aliwika mfukoni mwangu. Watu wote wakageuka. Nikaitoa, ni namba nisiyoijua, nikajua ni Chiriku ameazima simu ya dereva. Ameambiwa mama amekufa, na namba aliyo nayo kichwani ni moja tu. Muuzaji wa misumari akaniuliza simu ya nani hiyo. Nikasema ni ya marehemu. Wanawake wakaangua kilio. Na jogoo anawika, mama, anawika katikati ya kilio chako, na mimi kidole changu kimoja tu kingemaliza kila kitu. Ningebonyeza kijani nikasema Chiriku, mama mzima, mimi ni mwongo. Nikabonyeza chekundu. Akapiga tena. Nikabonyeza chekundu. Mara ya tatu nikaizima kabisa.

Lori liliingia jana mchana. Alishuka vumbi mpaka kwenye kope, sauti imemkauka. Sikumngoja akae. Nilimvuta pembeni penye tangi la maji, nikamwambia yote kwa pumzi moja, kwamba uko mzima unakunywa uji, kwamba nimedanganya, kwamba simu ninayo. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akaniuliza kitu kimoja tu: nani alikuwa anakata simu. Nikasema mimi.

Akasema alipopiga ikaita kisha ikakatwa, alifurahi. Alimwambia dereva mama yangu hajafa, huyu ndiye mama, anabonyeza chekundu, ndivyo anavyofanya siku zote. Akapiga tena, ikakatwa, akapiga makofi juu ya lori, unaona? Ni yeye! Mara ya tatu ikawa kimya. Na njia nzima ya kurudi alikuwa anaushika ule mkato kama mtu anayeshika kamba, anajiambia labda chaji imeisha tu.

 

Aliichukua simu yangu, akampigia mkwe wako, akakuomba wewe. Unakumbuka jana alikupigia, akawa analia tu hasemi, ukamuuliza unalia nini, akakujibu ni vitunguu? Hapakuwa na vitunguu, mama. Vilikuwa vimeshashushwa siku nyingine, mji mwingine. Alikuwa anaisikiliza pumzi yako. Alipokata nikamwomba akupigie tena akuambie kosa langu, mimi siwezi. Akaniambia hiyo maiti ni yako, kaka, uifufue mwenyewe. Na akasema nisikuambie kwa simu nikapata upenyo wa kukata. Nikuandikie, uwe nayo mkononi.

Hakulala hapa. Palitokea pikipiki inakwenda nisikokujua, akapanda. Sikumuuliza anakwenda kwa nani. Nilimbebea mfuko mpaka kwenye pikipiki, akaupokea bila kunitazama. Alisema sharti lake ni moja, na hatakuwa na neno nami mpaka lifanyike, nami naliandika hapa chini.

Shangazi nimeshamwambia kweli asubuhi hii. Hakucheka. Aliondoa kikombe cha chai mbele yangu, akasema nitakunywa maji ya bomba mpaka huyo marehemu aingie kwa lango lile kwa miguu yake mwenyewe. Gia na wengine bado hawajui, wananipa pole kila ninapopita, na kila pole ni kofi. Shangazi amenikataza kuwaambia kienyeji. Walikuomboleza mbele ya watu, wataambiwa mbele ya watu, na wewe ukiwepo.

Nisalimie mkwe wako, mwambie nimemkosea naye kwa kumfanya mlinzi wa uji. Nisalimie wajukuu zako. Majirani waambie vigoda wavirudishe, Chiriku atakuwa hewani kuanzia leo hii, kwa maana simu yako imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kitambaa, ina chaji. Dereva wa basi atakukabidhi mkononi. Ikiwika, bonyeza unachotaka. Atapiga tena.

Sharti la Chiriku ndilo hili: ile safari uliyoshushwa, nikupandishe mimi. Leo ni Jumanne. Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Tia nguo chache kwenye mfuko, zozote. Tutapanda basi, wewe kiti cha dirishani, na sina karatasi kiatuni: ukisema tushuke, tunashuka, nyonga ikikataa tunalala ilipokatalia. Tukifika, utakaa juu ya mkeka kwenye ule ua, sakafu itakuwa imeshakauka, nami nitasimama mbele ya wote waliokulilia niseme mama yangu huyu hapa, nilimuua kwa mdomo wangu kwa sababu nilikuwa naona wivu. Halafu kama utanirudisha nyumbani wewe uendelee mpaka barabara inapoishia, nitarudi. Na kama hasira yako ni kubwa hutaki kukaa nami gari moja hata hiyo Jumamosi, ni haki yako. Nitakubebea mfuko mpaka kituoni, nitaupandisha, nitauweka miguuni pako, na nitasimama chini mikono yangu nyuma mpaka basi liondoke.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Fundi